Mzee aliyesema bado

Masika, uko wapi. Hitima ya baba imeisha, nimejifungia chumbani, nimechoka hata kanzu sijavua.

Wasifu niliusoma vizuri. Hakimu Nzega mwaka 74, baadaye jaji, miaka thelathini ya utumishi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Kisha ami Muhanna akasimama, kama ilivyo ada, akaomba kila aliyekosewa na marehemu amsamehe. Wote wakajibu, "Tumesamehe."

Mzee mmoja akasema, "Mimi bado."

Mimi bado, Masika. Mbele ya mashehe na majaji wenzake baba.

Anaitwa Mzee Jilala, ametoka Puge. Enzi za vijiji vya Ujamaa alihamishwa, akarudi kwenye shamba lake la zamani kuvuna mtama wake mwenyewe. Baba akamfunga miezi sita. Mtama ukaliwa na ndege.

Ami akamuuliza kwa upole kama baba hakuwahi kumwomba radhi.

"Kila mwaka, baada ya mavuno. Anakaa kwangu mpaka jioni, tunakula, tunazungumza. Akiondoka ananiomba, namwambia bado."

Unazikumbuka zile safari zake za kununua mchele Igunga? Kumbe.

Nikamuuliza, kwa hasira kabisa, kwa nini alimnyima miaka yote hiyo.

Akanitazama kama mtu aliyechoka kuliko mimi. "Ningemsamehe, mwanangu, angerudi kufanya nini?"

Mtama unavunwa mwezi wa sita. Utanisindikiza Puge?