Namba za Kaka Idrisa

Jumanne, 6 Mei
Mvua. Nimemaliza hesabu. Nimekunja soksi za Kaka Idrisa. Zinanuka hata zikifuliwa. Mama bado yuko soko la Zhongda, ananunulia wateja wake wa Dar vitambaa.

Kaka amerudi na nundu juu ya jicho. Yeye ndiye kwotabeki wa timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono: anapokea mpira, anaamua urushwe wapi, wenzake wanakimbia. Leo aliona mabeki wanamjia, akabadilisha mpango kwa Kichina chake kibovu. Wenzake wakakimbilia upande mwingine. Watu watatu wakamwangukia.

Alisoma Marekani, akajifunza na mchezo huu huko huko. Timu mbili kule zilimsajili, zote zikamwacha. Hii ya Guangzhou ni ndogo, lakini inamlipa, na kwa sababu yake ana kibali cha kukaa hapa. Kocha amempa mechi mbili. Asipoelewana na wenzake ataletwa mwingine, na Kaka atarudi Dar.

Sitaki aende. Ndiyo kwanza nimemzoea.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepata wazo! Nilikuwa na Mama sokoni. Kelele za mikokoteni zilizidi, basi yeye na muuzaji wakapatana bei kwa vidole. Sita ni kidole gumba na kile cha mwisho. Nane ni kama bastola. Mkono mmoja unafika hadi kumi. Mipango ya timu nayo ina namba. Kwa nini Kaka asionyeshe tu vidole?

Kaka amenibeba juu juu. "Profesa wangu!" Kichwa changu kimegonga mlango. Sijali.

Jumamosi, 10 Mei
Aibu tupu.

Nane ya kwanza ilifanikiwa. Nane ya pili wapinzani walikuwa wanaisubiri. Bila shaka! Nao ni Wachina. Vidole vile hata mtoto wa chekechea hapa anavijua. Mimi sikufikiri, Kaka hakufikiri, wala kocha. Hata Wei, yule mrefu anayedaka mipira ya Kaka, alijipiga paji la uso. Tumefungwa vibaya sana.

Kaka hakunilaumu. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 11 Mei
Kaka ameshusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Liko karibu na mlango, tupu.

"We Idrisa, unamtisha nani na hilo sanduku?" Mama akamwambia. "Kula kwanza."

Kaka kala sahani mbili. Mimi nimeshindwa. Nimefungulia maji bafuni nikalia.

Jumatano, 14 Mei
Niliwaza darasani mpaka mwalimu akaniita mara mbili. Namba zitajwe kwa sauti, ila kwa lugha ambayo wapinzani hawana. Lugha hiyo tunaizungumza nyumbani kila siku!

Baada ya shule nilikwenda mazoezini na sare yangu. Nilimweleza kocha. Akanipa filimbi. Wanaume wakubwa wakakaa kwenye nyasi na kunifuatisha: moja, mbili, tatu. Wei aliniita laoshi, yaani mwalimu, akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kunywa maji. Nilimkatalia mpaka afike kumi.

Kaka aliinama kufunga kamba za viatu. Alikaa hapo chini muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka. Sina hakika.

Jumamosi, 17 Mei
Tumefungwa tena. Kidogo tu.

Lakini mabeki walipokuja, Kaka alipaza sauti, "Saba!" Wenzake wote wakaenda upande wa mpango namba saba. Wapinzani wakabaki wanatazamana. Wei akaudaka mpira mbali kabisa, akavuka nao mstari, tukapata pointi. Mama, ambaye husema huu si mchezo bali ni ugomvi wa kuvalia sare, alipanda juu ya kiti akapiga vigelegele. Kisha akapiga kelele, "Idrisa, kimbia, wanakuua!" na mechi ilikuwa imeshakwisha.

Kocha alimkabidhi Kaka mfuko wa mipira abebe. Sijui maana yake. Naogopa kutumaini, ila natumaini.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua tena. Kaka amebakizwa hadi mwisho wa msimu. Baada ya hapo hakuna ajuaye.

Mama amelichukua lile sanduku, amelijaza vitambaa vya mteja wake wa Kariakoo. Hakuomba ruhusa. Kaka amelikalia ili lifungike.

Soksi ziko kwenye kamba. Wei ametuma ujumbe kwenye simu ya Kaka, eti ni wa mwalimu. Anauliza baada ya kumi kuna nini.

Nimemjibu: kumi na moja.