Papa, Sikujiona mu Favoris Yako

Papa,

Kilio yako, matanga yote, imeisha. Viti ya kanisa imerudi, batante, bashangazi zetu, bameenda kwabo, Mama iko anapumuzika. Mi nimebaki na ordinateur yako, na niseme wazi: wivu inanikula.

Unakumbuka ile programme fundi wa cyber alikutilia mu hii kompyuta? Haikukuya na mashine, yeye njo aliileta. Ukiacha kugusa mashine kidogo, inapitisha foto za album yako uliyoita Favoris, moya moya. Ku kilio, courant ya umeme ikarudi, mutu akawasha mashine, halafu hakuna aliyeigusa tena. Foto ikaanza kupita mbele ya bantu yote. Yaya Trésor, kaka yangu mukubwa, kule Ndola, na chapeau ku kichwa. Béa, dada yangu, mu manteau ya baridi, Johannesburg. Trésor na batoto yake. Béa tena. Batante banalia, banasema, “Alipenda batoto yake, huyu papa.” Mi nimesimama na plateau ya chai, nangojea sura yangu. Haikupita.

Basi mi niko nani? Kampuni yako ilipoanguka, mushahara ikaisha, bale bawili bakakamata njia. Mi njo nilibaki. Mi njo nilikupikia bukari, ugali yako, hapa kwetu Hewa Bora, mi njo nilikupeleka hospitali kwa miguu zile siku za masasi, bunduki zinalia, taxi zote zimejificha. Trésor alituma foto. Foto tu! Na iko Favoris.

Jana nikafungua album nimutoe Trésor, nijitie mi pahali pake. Nilikuwa na kasirani, Papa, usiniulize. Nikatafuta, nikaona hata Mama hayuko mule. Muke yako! Yuko tu Trésor, Béa, na mama yako tuliyezika Kambove.

Nikamuita Mama aone. Akacheka, mara ya kwanza tangu uende. Akasema, “Huyu papa yako, Béa alipokuya kututembelea, alimutoa mu album siku ileile. Alipopanda bus, akamurudisha. Alisema foto ni ya bale habako hapa. Beye ba hapa, anabaona ku meza.”

Nikakumbuka siku nilikuomba unipige foto nimevaa robe mupya. Ukasema, “Ya nini? Si uko hapa?” Nilinuna wiki muzima.

Sikumutoa Trésor. Wivu haijaisha yote, sitakudanganya. Lakini kila courant ikirudi nitawasha mashine, nitaacha kuigusa, nitabasalimia bote kama ulivyokuwa unafanya. Na Mama sitamuacha. Hiyo nakuahidi.

Lala salama, Papa. Leo nimekutia mu Favoris, ile foto yako na bretelle ya suruali ku mabega. Imepita sasa hivi, katikati ya Trésor na Béa. Nikaangalia mulango. Nilitaka uingie, nikutoe mule.

Mado wako