Ijumaa Walipoliangusha Jukwaa la Athman

Ijumaa, baina ya Magharibi na Isha.

Joto la leo lilikuwa la kumkausha mtu mate. Jua limezama na bado ukuta wa chumba ukiuegemea unakuunguza mgongo. Bega langu la kushoto limefura, leso siwezi kujifunga vizuri, lakini mkono wa kulia mzima na ndio ninaoandikia.

Mwanangu yuko hospitali. Mwanangu mwingine yuko korokoroni. Wa korokoroni ndiye aliyempeleka mwenzake hospitali.

Nianze na Athman, kwa kuwa yeye ndiye wa kuanziwa siku zote, na wenye kuona wivu na waone. Athman wangu ni fundi wa nakshi. Si fundi wa kupigilia vitanda, la. Ubao akiushika, mauwa yanatoka humo utadhani yalikuwa yamelala yakingoja kuamshwa. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililikaa nusu, lakini mtaa wetu wa Kuze mzima hakuna mama anayeweza kusimama akasema amezaa mikono kama ile. Walipoamua kulifufua lile jumba kongwe la baraza la mji, pale kwenye barabara ya Ndia Kuu, walimtafuta nani? Mwanangu. Jumba lilikuwa limebaki la njiwa na popo, paa lavuja, boriti zimeliwa na mchwa, mlango umefungwa mnyororo. Wakasema jumba likisimama na mji utasimama: maduka yaliyofungwa yatafunguliwa, wageni watarudi, na watu hawatakuwa wakikimbilia ufukweni Mama Ngina kila jioni kutafuta mahali penye uhai. Roshani ya mbele, ile ambayo kila mpita njia ataiinulia macho, akapewa Athman.

Sikulala siku ile. Nilizunguka mtaa mzima nikijidai kwenda kuazima ungo, na ungo ninao.

Sasa Swaleh. Swaleh nimemnyonyesha. Mamake, Fatuma, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alipojifungua alishikwa na homa mbaya, maziwa yakakataa. Mimi nilikuwa na Athman kifuani, na maziwa yangu, mashallah, yangetosha mtaa. Nikawaweka mmoja huku, mmoja huku. Kwa dini yetu hao ni ndugu, wala haina mjadala. Swaleh hawezi hata kumuoa binti yangu. Mpaka leo akipita barazani kwangu hubusu mkono wangu, na wangu wa kwanza kabla ya wa mamake. Hilo nalo nimelisema sana mtaani, Fatuma anisamehe.

Swaleh ni mchuuzi. Meza yake ilikuwa mbele ya jumba hilo hilo, akiuza miwani ya jua, saa na mishipi. Juu ndugu mmoja anachonga roshani, chini ndugu mmoja anaita wateja. Nikipeleka chakula mchana nilikuwa nikiwaona wote wawili kwa mara moja, moyo wangu unajaa kama sinia ya arusi.

Leo asubuhi askari wa mji walikuja na lori. Mbele ya jumba pawe safi, walisema, hapana uchuuzi tena. Tangu iingie hii siasa ya vyama vingi kila mtu anajua kupiga kelele, basi wachuuzi walipiga kelele, na askari wakapiga watu. Walivunja meza kwa rungu. Waliponda miwani ya Swaleh kwa buti, taratibu, moja moja, huku wamemkanyaga shingo atazame. Bibi mmoja anayekaanga viazi karai hapo alikataa kuondoka mbele ya jiko lake, wakalipiga teke karai. Mafuta yalimwagika mguuni pake. Wanaosimulia wanasema ngozi ilimvuka kama soksi. Mimi sikuwapo, nilikuwa naosha mchele wa pilau. Lakini nimelisikia kwa watu wengi mno kuwa uongo.

Kwa hivyo hasira ya Swaleh ninaijua ilikotoka. Naandika ili nisije nikaisahau kesho.

Nilifika na hero langu la pilau, lile sahani la mti, karibu na adhana ya Ijumaa. Mtu yeyote wa mji huu anajua: adhana ya Ijumaa ikilia, kazi ya ujenzi inalala. Mafundi waliteremka wote kwenye jukwaa, lile la boriti na kamba wanalopandia ukutani, wakatawadha mferejini, wakaenda zao msikitini. Hata wale vijana Wagiriama wasioswali huteremka wakatafute kivuli. Jukwaa hubaki tupu. Ijumaa zote liko hivyo.

Isipokuwa leo. Athman alibaki juu.

Alikuwa na ubao wa mwisho wa roshani, ule mpana wa katikati. Ulikuwa umeinuliwa kwa kamba na haujashika hata msumari mmoja. Nikamwita kutoka chini, "Athman! Mwanangu, Ijumaa yakupita!"

"Mama, nikiuachia utaanguka. Nitie misumari miwili tu, nateremka."

"Mungu hangoji misumari!"

Akacheka. "Mungu auona mkono wangu ulipo, mama. Pilau iache kivulini, paka wasije wakaswali nayo."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho akiwa na mkono mzima.

Niliingia ndani ya jumba kutafuta kivuli. Mara nikasikia kioo kinavunjika, na kingine, na kingine, kama mtu anayemwaga vyungu. Nilipotokeza mlangoni, vijana wa uchuuzi walikuwa wanatoka kwenye kichochoro wakiwa kundi, mawe mikononi, mapanga wawili watatu. Bawabu wa jumba alitupa fimbo akakimbia. Jiwe lilipita sikioni kwangu likapiga ukuta, chokaa ikanijaa machoni. Nilipofungua macho walikuwa wameshafunga kamba nene ya bandarini kwenye mguu wa jukwaa, wamejipanga, wanavuta. "Haya! Haya! Haya!" Na wa mbele kabisa, kamba begani, mishipa ya shingo imesimama, alikuwa Swaleh.

Nilipiga ukelele mpaka koo likachanika. "Mtu yuko juu! Swaleh! Nduguyo yuko juu!" Nani atanisikia? Athman naye alikuwa amesimama juu ya jukwaa upande wa ndani, nyuma ya ubao wa roshani, umemfunika. Ukitazama kutoka chini huoni ila mbao.

Jukwaa liliinama kwanza kama mtu anayetaka kurukuu. Kisha likaja lote.

Sijui kuandika sauti ile.

Vumbi lilipotulia niliuona mkono kabla ya kumuona mtu. Wa kulia. Ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, na mfupa umetoka nje ya ngozi, mweupe, msafi, kama kitu ambacho hakikuhusiana na damu yote ile. Boriti ilikuwa imemlalia kifuani. Alifumbua macho, akaniambia, "Ubao je?" Nikatazama juu. Ubao ulikuwa pale pale ukutani. Umeshika misumari miwili.

Kundi likaanza kurudi nyuma. Swaleh aliiachia kamba kama imemuunguza, akaja mbio akapiga magoti penye damu. "Wameenda kuswali," akawa anasema. "Mama, ni Ijumaa! Nilijua wameenda kuswali wote! Tulitaka tuvunje mbao, si mtu. Wallahi si mtu!"

Nilimpiga kofi. Nilimpiga la pili na la tatu, na yeye hakujikinga. Alikuwa ameingiza bega chini ya boriti anaiinua, huku analia. Aliiinua peke yake. Nikamvuta Athman kwa kwapa.

Hapo ndipo askari walipofika, na wenzake Swaleh wakatawanyika. Yeye hakukimbia, alikuwa bado ameishika boriti ile. Wa kwanza alimpiga rungu la mgongo, boriti ikaanguka. Wa pili alimpiga la kichwa. Wakawa wanne, watano, wanampiga kama wanaopura mpunga, na kila rungu likiinuka linarusha damu. Hakuwa analia tena. Nilisikia mbavu.

Mimi ni mtu mzima, na ni mnene, simfichi mtu. Sijui nilirukaje. Nilimlalia juu mzima mzima, na rungu lililokuwa lake likashuka begani kwangu. Nikajifungua buibui mbele ya Ndia Kuu yote, nikashika ziwa langu juu ya kanzu, nikawaambia, "Huyu kanyonya hapa! Hapa! Ukitaka kumuua pitia hapa, mwana wa mwanamke wewe! Wewe hukunyonya? Ulilishwa mawe?"

Rungu lilibaki hewani. Askari yule alikuwa kijana wa pwani, aliniangalia mara moja akainamisha uso. "Mama, jifunike," akasema. "Tafadhali, mama. Jifunike." Wakamtoa Swaleh chini yangu, wakamtia lorini akiwa hai. Hai ndilo jambo nililolitaka wakati ule.

Lakini niseme kweli. Njiani kwenda hospitali, kichwa cha Athman mapajani mwangu, mkono wake umefungwa kwa leso yangu na leso imelowa, nilijuta. Nilitamani ningewaachia wamalize. Nilitamani kwa maneno, midomo yangu ilisogea. Kisha nikawaza kamba begani mwa Swaleh, na bega hilo hilo chini ya boriti, na sikujua nichukie lipi.

Daktari amesema watatia chuma. Mkono utakuwa wa kushikia kikombe, inshallah, na kufungia kifungo. Nikamuuliza, na patasi? Nikamwambia, daktari, huyu si mtu wa vikombe, huyu ndiye aliyechonga roshani ya jumba la mji. Akaniambia tungoje. Nilimwona alivyotazama pembeni.

Ofisa wa polisi naye alikuja, akauliza nani aliyeongoza kuvuta kamba. Swaleh ameshikwa pamoja na vijana wengine waliookotwa vichochoroni, na polisi hawajui nani ni nani. Anayejua ni mimi. Athman alisema yeye alikuwa nyuma ya ubao, hakuona. Ofisa akanigeukia. Nikasema bega linaniuma, mwanangu, niache nikaoge damu hii, kesho nitakuja kituoni mwenyewe. Akakubali.

Alipoondoka Athman akafumba macho, akasema polepole, "Nilimsikia sauti yake, mama. Ile haya-haya. Tangu utotoni mdundo wake hauendi sawa na wenzake."

Akageuza uso ukutani. La kusema ameniachia mimi.

Fatuma alibisha hodi sasa hivi, kabla sijakaa kuandika. Hakutaka kiti, alikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa aanze kuniomba nimfichie Swaleh siri, na nilikuwa na jibu baya ulimini. Akanikamata mguu tu, akasema, "Dada, miye nilimzaa. Aliyemkuza kwa maziwa ni weye. Lo lote utakalolisema kesho, miye nimeridhi." Akalia, nikalia. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikakumbuka pilau. Hero limebaki pale pale kivulini, na paka wa Ndia Kuu leo wamekula karamu ya mama Athman.

Kesho basi iwe hivi. Nitaamka alfajiri nipike uji wa mtama, chupa mbili. Ya kwanza nitampeleka Athman nimnyweshe kwa kijiko mpaka aimalize, na nitawaambia wauguzi wote mwanangu ni nani, wamwangalie vizuri. Kisha nitakwenda kituoni na ya pili. Nitaomba waletwe hao vijana mbele yangu. Ofisa ataniuliza nani, na mimi nitamtazama Swaleh usoni na nitanyamaza. Nitanyamaza muda wote atakaouhitaji. Akisema mwenyewe, "Ni mimi," nitamshika kichwa chake kilichopasuka mbele ya polisi wote nimpe radhi yangu, na afungwe akiwa mwanangu, na uji nitampelekea kila siku watakayoniruhusu.

Asiposema, nitasema mimi. Na ile chupa nitarudi nayo nyumbani imejaa.