Perege wa Sebuleni

Jumatano, 1 Agosti 1956
Nimebadilisha maji tena. Ndoo baada ya ndoo kutoka bombani. Bwana wangu Salimu haziinui. Kazi yake kutazama. Tangu mkubwa wake wa ofisini, Mzungu wa Raskazone, arudi kwao na kumwachia tangi la kioo, sebule yetu hapa Makorora imekuwa bwawa. Ndani mna perege wa Mto Zigi, dume mmoja na majike wawili. Dume kageuka mweusi, kachimba shimo mchangani, hataki mwenziwe apite. Salimu anamwita Jemadari. Utadhani kamzaa yeye.
Samaki wa kukaanga huyu. Nami ndiye mtumishi wake.

Jumapili, 5 Agosti
Jike mdogo kafa. Mapezi yote yamechanika. Salimu hakusikitika, kafurahi! Kaita majirani waje waone ubabe wa Jemadari. Wanaume wazima wamechuchumaa mbele ya kioo, wanashangilia samaki. Upuuzi mtupu.
Jike aliyebaki kajibanza pembeni. Mashavu yamefura, hali kitu. Nadhani kabeba mayai kinywani. Nimemwambia Salimu amtenge. Kasema nisimharibie burudani.

Alhamisi, 9 Agosti
Wageni keshokutwa. Hamadi, mwenye duka la vitambaa Nguvumali, na mjomba wake. Wanakuja kumposa binti yetu Mwanaisha. Salimu keshakubali kabla ya kumwuliza mtoto. Mwanaisha hamjui mtu huyo. Hata mimi simjui.
Salimu kasugua kioo mwenyewe. Sijapata kumwona ameshika kitambaa tangu anioe.

Jumamosi, 11 Agosti
Wageni wamekuja, wameondoka.
Hamadi hakutazama mtu, katazama samaki. Kaingiza mkono ndani ya tangi, kamsukuma jike kutoka pembeni mpaka kwa dume. Dume kamvamia. Magamba yanaelea. Hamadi kacheka mpaka akakohoa. Mwanaisha kasimama pale na sinia ya kahawa. Hamadi akamgeukia: "Umeona? Jike hufunzwa adabu mapema."
Na mume wangu akacheka naye. Akacheka! Mbele ya mwanawe wa kumzaa.
Mwanaisha kaweka sinia chini, kaingia ndani. Nimemchota jike kwa bakuli, nikamtia kwenye beseni, wageni wakinitazama. Mjomba kainamisha kichwa. Huyo angalau ana haya.

Jumapili, 12 Agosti
"Mama, simtaki." Ndivyo alivyoniambia Mwanaisha asubuhi.
Nimemfikishia Salimu. Kafoka. Eti neno lake limeshatoka, eti ataaibika. Nikamwambia, "Basi kaolewe wewe. Mnapendeza."
Hajanisemesha tangu hapo. Nyumba ina raha.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimekwenda kwa wifi yangu Bi Tatu, dada mkubwa wa Salimu. Binadamu pekee ambaye Salimu anamwogopa. Nimemwamkia, nimemweleza yote. Hakunikatiza.
Jioni kaja mwenyewe. Salimu kaondoka kitini mbio kama mtoto wa chuoni aliyemwona mwalimu.
"Shikamoo, dada."
"Marahaba. Mtu kamtolea mwanao maneno yale, nawe ukacheka?"
Bi Tatu kamnyooshea kidole.
"Kesho ukawarudishie posa yao."
Kahawa yangu hakuinywa. Kaondoka.

Ijumaa, 17 Agosti
Posa imekwisha. Salimu alikwenda Nguvumali, Hamadi kamtukana dukani mbele ya wateja. Nilidhani nitafurahi sana. Nimefurahi kidogo.
Jike yu hai kwenye beseni. Mayai aliyatema siku ile ile aliyovamiwa. Sasa anakula.
Baada ya alasiri nimemkuta Salimu kakaa mbele ya tangi. Dume hana wa kumfukuza, anajigongagonga kiooni. Salimu hakuwa akimtazama.
"Mwanaisha kanikasirikia?"
"Kamwulize mwenyewe."
Kisha kainuka, katoka uani, kasimama mlangoni mwa jiko. Mwanaisha alikuwa akikuna nazi. Sikusikia alichomwambia. Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Baadaye ikaendelea, polepole.