Maharagwe ya Amoit

Mjukuu wangu Omuse,

Hapa Moding tuko wazima, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua. Umeniuliza umpe alama gani mwanafunzi wako aliyeandika kwamba jaribio lake la sayansi halikufaulu.

Uhuru ulikuwa bado mpya njaa ilipotupata. Nilikuwa nasoma Malaba. Mwalimu alitugawia maharagwe tukapande kwenye mikebe nyumbani, kisha tuandike ripoti. Sote tuliandika kama kitabu kilivyosema, kwamba mbegu ziliota. Rafiki yangu Amoit peke yake aliandika, "Hazikuota. Mama alizipika tukala."

Mwalimu akampa sifuri ya wino mwekundu. "Hii si sayansi, Amoit."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, mwalimu."

Kabla muhula haujaisha, njaa ikamchukua Amoit. Mwalimu alikuja matangani akampa mama yake ile ripoti. Sifuri alikuwa ameifuta na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Alama za huyo mtoto nakuachia wewe. Ila ujue sisi wengine tulipata alama zote, na hakuna mkebe wetu hata mmoja uliowahi kutiwa udongo.

Ni mimi nyanya yako,
Asere