Uji Kabla ya Kamera

Etterbeek, Alhamisi

Kosa ni langu, lakini na yeye kwa nini aunywe? Mume wangu, Kenji, alikuwa aingizwe kamera tumboni leo, na tuliambiwa asile kitu. Ila kwetu Tanga mtu hatoki nyumbani na njaa. Nikamwekea uji wa ulezi bila kufikiri. Kenji akaumaliza, akashukuru. Nesi akaturudisha mpaka saa kumi.

Nilimfokea kwenye basi. Akajibu, "Ulikuwa umeshaupika."

Baba yake naye alisifu kila chakula huku akificha maumivu, mpaka saratani ya tumbo ikamuua. Babu yake vilevile. Daktari anasema Wajapani huugua sana saratani hiyo, na kuna aina moja inayorithiwa kwa jeni, ndiyo maana akampima na damu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi, kwa ajili yake na ya binti yetu.

Alhamdulillahi, tumbo ni safi. Na majibu ya damu yametoka: jeni ile hana, kwa hiyo binti yetu hakuirithi.

Jioni nikampa uji tena. Akaonja, akausogeza pembeni. "Mke wangu, sukari imezidi."

Miaka kumi na moja ya ndoa, leo ndiyo kwanza analalamika. Nimeumwaga kwa furaha, nikapika mwingine.