Namba Aliyoiandika Okedi

Busia, Jumapili jioni.

Kwako Mama Okedi wa Kwapa,

Yoga noi, Mama. Nimeanza na salamu ya kwenu ili usiseme tena kwamba sisi Wasamia tunasalimia kama watu wanaokimbia mvua. Mguu wako unaendeleaje? Na wimbi, mmeshavuna au ndege wamewatangulia? Mimi hapa Busia ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Hayo mengine nitayaeleza.

Najua barua hii unasomewa na Asio, maana miwani yako ilivunjika wakati wa Pasaka. Dada Asio, nakuomba jambo moja: msomee mama yote, polepole, usiruke mstari hata ukikasirika. Ningeweza kukupigia simu, lakini kuna maneno ambayo mtu akiyasema kwa simu hukata kabla hajafika mwisho. Mimi najijua.

Mama, ulichosikia ni kweli. Ile benki ya Tororo imeniita kwenye intavyu ya kazi ya afisa mikopo, Jumatano hii saa tatu asubuhi. Tangu waniite, kibanda changu cha kutuma pesa kimegeuka darasa. Nasoma riba, nasoma dhamana, nasoma jinsi ya kumpima mkulima anayetaka mkopo wa maksai. Proscovia, jirani yangu anayeuza mitumba, anasema nimeanza kuongea peke yangu na wateja wananikimbia. Nikamwambia hayo ni masomo. Akaniuliza ni masomo gani hayo yanayokondesha mtu mzima, akanisukumia sahani ya mihogo.

Lile koti jeusi ulilonipa siku mliyogawa nguo za marehemu Okedi nimelipiga pasi. Ulisema mbele ya wazee wote kwamba hakuna mabega mengine ya kulivaa, na kwamba siku nitakayopata kazi itakuwa ni Okedi amepata. Wazee wakaitikia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nyinyi mkadhani nalia kwa uchungu wa rafiki. Nikilivaa nahisi mtu amesimama nyuma yangu amenishika mabega yote mawili, wala hanisukumi wala haniachi. Naogopa, Mama. Nasema tu, naogopa.

Unakumbuka mwezi wa pili mimi na Okedi tuliomba kazi hii wote wawili, na nafasi ilikuwa moja. Kila siku ya soko Okedi alikuja na baiskeli, tukifunga kazi anaketi upande wangu wa kaunta na kujifanya meneja. Anakunja nne, anauliza swali, na jibu langu likiwa la uongo anagonga kaunta kwa kucha mara mbili na kuniambia Bwana Bwire, rudia. Tulicheka hadi Proscovia akaja kutufukuza. Sasa nikijizoeza peke yangu, kuna swali moja nikilifikia nasikia kaunta inagongwa. Nimeangalia chini, nimeangalia paa, si panya wala si upepo. Swali lenyewe wanamuuliza kila mtu: eleza siku uliyoaminiwa kitu cha mwenzako, na jinsi ulivyokitunza.

Hadi leo unasema benki ilimdharau mwanao kwa kuwa ni mtoto wa maskini. Umesema hivyo hata kanisani. Mama, benki haikumdharau.

Simu ya Okedi ilikuwa imeanguka mtoni, kwa hiyo kwenye fomu aliandika namba yangu. Alisema namba yangu ndiyo yake, kwani mimi niko mjini na niko hewani saa zote. Jumanne ya wiki ile ya msiba mama mmoja wa sauti ya upole alipiga kutoka benki. Alimtaka Okedi. Alisema afike Ijumaa saa tatu na vyeti vyake. Nikajibu nitamwambia. Nikangoja ataje na jina langu, hakulitaja, akaaga. Wivu ulinikaba, Mama, siupambi. Nikajidanganya kwamba nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema kesho.

Alhamisi akaja mwenyewe. Alisimama mbele ya kibanda, jasho linamtoka, akauliza kama wale watu wamepiga. Nilimtazama usoni nikasema bado. Akacheka, akasema basi kesho ataenda na wenzake kupasua mawe nyuma ya kilima cha Osukuru, asikae bure akingoja benki. Tukaagana. Kilichoporomoka Ijumaa unakijua, na saa unaijua.

Sikumsukumia jiwe. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno. Lakini duniani kote ni mimi peke yangu niliyejua asubuhi ile alipaswa kuwa wapi.

Wiki jana yule mama wa benki alipiga tena, safari hii akiniita mimi. Alipomaliza akakumbuka, akauliza mbona yule ndugu yangu hakutokea siku ile. Nikamjibu alipata kazi nyingine. Ndivyo nilivyosema, Mama. Kinywa changu mwenyewe.

Jumatano saa tatu watakuwa wananingoja Tororo. Sitakwenda. Saa hiyo nitakuwa uani kwako, kwa miguu yangu, bila mtu wa kunisemea. Ukitaka kuwaita wazee, waite. Ukitaka kunitemea mate, nitasimama. Ukifunga mlango nitakaa hapo nje hadi utakaponiambia niondoke, na nikiondoka nitapita kanisani niwaambie watu kwamba mwanao aliitwa. Aliitwa kabla yangu, na alikuwa amenishinda.

Nisalimie mzee Ekaju, na watoto wote wa hapo. Dada Asio, asante kwa kufika mpaka hapa. Mshike mama mkono.

Mama, tangu utotoni ulinifundisha nikikuandikia nimalizie kwa neno mwanao. Leo nimelijaribu mara tatu, kalamu imekataa.

Ni mimi,
Bwire